Shajara ya mradi: Postgres kwenye seva ya chama, na ile doti ya kijani

Naandika hii kila jioni kabla sijalala, maana mradi wa mwaka jana nilijiambia nitakumbuka nilichofanya na sikukumbuka hata kimoja. Kazi yenyewe: chama chetu cha akiba na mikopo hapa Mwanza kina wanachama wasiofika elfu mbili, kumbukumbu zote ziko Excel, na hiyo Excel inatembea kwa flashi kati ya mhazini, mhasibu na dada wa kaunta. Saivi kuna faili linaitwa WANACHAMA MPYA, lingine WANACHAMA MPYA SAHIHI, lingine WANACHAMA MPYA SAHIHI LA MWISHO, na hilo la mwisho ndo la zamani kuliko yote. Tumekubaliana niziweke kwenye databesi moja ya Postgres (programu ya kutunza na kutafuta data), mashine moja, ndani ya ofisi. Niliahidi wikiendi moja.

Siku ya 1, Jumamosi

Mashine ni kompyuta ya mezani ya mtumba, RAM GB 4, diski ya zamani ya GB 500 inayolia kama cherehani, na SSD mpya ya GB 240 niliyoichomeka pembeni kwa ajili ya data. Nimepiga Ubuntu Server 24.04 kwa sababu ni LTS, yaani toleo la kuhudumiwa muda mrefu, ilitoka Aprili 2024 na inahudumiwa miaka mitano, na Postgres inayokuja nayo ni 16. Sitaki kubadilisha toleo kila msimu wa pamba.

Wa kwanza kunikwamisha hakuwa Postgres hata. Niko zangu nyumbani naingia kwa ssh (njia ya kuingia mashine nyingine kupitia mtandao) kutoka kwenye laptopu, hapana, nilikuwa ofisini ila nimekaa meza ya pili kwa sababu ile ya kwanza haina feni, nikaandika sudo apt install postgresql ikanijibu Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend, imeshikwa na unattended-upgr. Huyo ni Ubuntu mwenyewe anajiapudeti kimyakimya ukishamwasha tu. Kuna watu wanashauri ulifute lile faili la lock kwa rm, usifanye hivo, ni kumwondolea fundi ngazi akiwa juu ya bati. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, imeachiwa.

Nikarudia. Maandishi yakapita mengi, katikati kuna mistari ya perl: warning: Setting locale failed inajirudiarudia (locale ni mpangilio wa lugha na nchi wa mashine), lakini hiyo nimeiona tangu asubuhi kila nikigusa kitu, nishaizoea kama unavyozoea jirani mwenye redio. Mwisho kazi ikaisha. Nikapiga systemctl status postgresql, doti ya kijani, active. Nikamtumia mhazini ujumbe: shikamoo mama, databesi iko tayari. Akajibu marahaba, Mungu akubariki mwanangu. Nikafunga ofisi saa kumi na mbili jioni nikiwa najiona.

Siku ya 2, Jumapili

Haiko tayari.

Nimekaa asubuhi nianze kutengeneza meza, sudo -u postgres psql (psql ndo komandi ya kuongea na Postgres), ikanipa hii:

psql: error: connection to server on socket "/var/run/postgresql/.s.PGSQL.5432" failed: No such file or directory

Nikaangalia status tena, kijani. Psql tena, hamna. Status, kijani. Hapo ndo nilipoanza kufanya mambo ya mtu aliyechanganyikiwa, kwanza nikadhani ni ufw, ile firewall ya Ubuntu, nikaizima kabisa, wakati ule ujumbe unasema wazi kabisa unatafuta faili la soketi ndani ya mashine hiyohiyo, askari wa getini anahusikaje na mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni, alafu nikapurge Postgres nikaiweka upya, ikawa vilevile, nikapurge tena nikaweka tena, na kila ukifanya hivo apt inashusha mafurushi upya na bando ni la simu yangu, mara ya tatu nikapata ule ujumbe wa mtandao kwamba nimetumia asilimia tisini. Nikazima data nikakaa kimya.

Jamaa yangu mmoja wa Dodoma anashinda na hizi mashine. Nikamtumia skrinishoti ya kijani. Akanirudishia voisi ya sekunde kumi: "Kaka, achana na hiyo status. Piga pg_lsclusters halafu niambie umeona nini."

Nimeona kichwa cha jedwali. Ver, Cluster, Port, Status, Owner na kuendelea. Chini yake hakuna kitu. Sahani zimepangwa, ubwabwa haujapikwa.

Sasa niandike hiki kitu vizuri kwa sababu ndo kilichonila siku nzima. Kwenye Debian na Ubuntu, neno klasta halimaanishi mashine nyingi zilizoungana. Ni seti moja ya databesi yenye folda yake, poti yake na logi yake, na ya kwanza inaitwa main. Ukiweka furushi la postgresql, mwisho wa kuweka linatakiwa likutengenezee hiyo main. Na ile huduma inayoitwa postgresql.service ni mwavuli tu, nimelifungua faili lake nikasoma, ExecStart yake ni /bin/true, yaani inawasha programu ambayo kazi yake ni kusema ndiyo na kuondoka. Ndo maana pembeni ya active, kwenye mabano, pameandikwa exited. Nilikuwa naliona hilo neno tangu jana. Mwenye kazi halisi anaitwa postgresql@16-main.service, na huyo kwangu hajazaliwa.

Kwa nini hajazaliwa? Apt inaweka kila ilichokiandika kwenye skrini ndani ya /var/log/apt/term.log. Nikaingia na less, nikatafuta, na pale pale kwenye usakinishaji wa kwanza kabisa, Jumamosi, kimekaa:

Error: The locale requested by the environment is invalid

na chini kidogo:

Error: could not create default cluster. Please create it manually with pg_createcluster 16 main --start

Imeniambia kosa, imeniambia na dawa. Mara tatu, kwa sababu nimeweka mara tatu.

Na hiyo locale mbovu imetoka wapi? Kwangu mwenyewe. Laptopu yangu nimeiseti itaje siku kwa Kiswahili, LC_TIME=sw_TZ, napenda ikiniandikia Alhamisi na Ijumaa. Ssh ya Ubuntu ina tabia ya kubeba vigeu vyote vya LC_ kutoka mashine unayotoka kwenda unayoingia, na seva inavipokea, na sudo nayo inavipitisha. Sasa seva yangu mpya haijawahi kutengenezewa sw_TZ, inaambiwa tumia Kiswahili, haina, inalalamika kwa perl warning kila komandi, na ilipofika zamu ya kutengeneza klasta ikagoma kabisa. Ningekuwa nimekaa mbele ya seva na kibodi yake lisingetokea hata moja.

Siku ya 3, Jumatatu usiku

Baada ya kazi zangu nyingine nikapita ofisini. Nilikuwa na haraka, nikasema locale inasumbua basi niifute, nikapiga sudo LC_ALL=C pg_createcluster 16 main --start. Ikakubali hapohapo. pg_lsclusters inaonesha 16, main, 5432, online. Psql inaingia. Nikatengeneza databesi chama, meza ya wanachama, nikaisukumia CSV ya mhasibu kwa skripti, ikaingia yote bila neno hata moja. Nikalala vizuri.

Siku ya 4, Jumanne

Nimeweka Django (mfumo wa kujengea kurasa za wavuti) kwa muda kwenye seva hiyohiyo nijaribu ukurasa wa orodha. Kwa haraka nimetumia mtumiaji postgres mwenyewe, najua, najua, nitarekebisha. Ukurasa ukafunguka herufi A, B, C mpaka M safi kabisa. Herufi N ikalipuka:

invalid byte sequence for encoding "UTF8": 0x92

Aliyekaa huku Usukumani atakuwa ameshajua. Nusu ya watu wetu wa herufi N wanaanzia na Ng'w. Ile ritifaa, ile alama ya kwenye ng'ombe, ukiiandika kwa kibodi ya kawaida ni 0x27 na haina ugomvi na mtu. Lakini orodha yetu ya kwanza kabisa iliandikwa kwenye Word, na Word ina kiherehere, ukiandika alama iliyonyooka inakupindishia iwe ya kitabuni. Baadae wakakopi kwenda Excel, Excel ikahifadhi CSV kwa usimbaji (namna ya kugeuza herufi kuwa namba) wa Windows-1252, na humo ritifaa iliyopinda ni baiti moja, 0x92. Kwenye UTF-8 baiti hiyo haiwezi kuanza herufi yoyote.

Swali likabaki kwamba jana iliingiaje. Nikapiga psql -l nione safu ya Encoding: SQL_ASCII. Hiyo ndo zawadi ya LC_ALL=C. Ukitengeneza klasta kwa locale ya C bila kutaja usimbaji inakupa SQL_ASCII, na jina linadanganya, sio kwamba inakubali ASCII peke yake, inakubali chochote, haikagui. Ghala lisilo na mzani. Tatizo linakuja siku ya kutoa, programu inaomba UTF8, seva inajaribu kuhakikisha inachotoa ni UTF8, inakuta 0x92, inagoma. Kimeingia, hakitoki.

Kuna njia ya kutengeneza databesi ya UTF8 ndani ya klasta hiyohiyo kwa kutumia template0, ila nikaona nisije nikajisahau siku nyingine nikatengeneza nyingine mbovu. Nikaibomoa: pg_dropcluster --stop 16 main. Hii komandi haiulizi una uhakika, inafuta data na inafuta folda ya /etc/postgresql/16/main na vyote ulivyobadilisha humo. Mimi nilikuwa na nakala ya CSV tu na ilitosha. Alafu unset LC_TIME, alafu sudo pg_createcluster --locale C.UTF-8 16 main --start. Safari hii psql -l inasema UTF8.

Nikapakia CSV ileile na nikafurahi kuona imekataa. Mstari wa 38, 0x92. Angalau sasa kuna mtu mlangoni anakagua. Dawa ni kumwambia Postgres ukweli kuhusu faili, kwamba hili ni la Windows:

\copy wanachama from 'wanachama.csv' with csv header encoding 'WIN1252'

Ikabadilisha yenyewe, ikaingia, ikatoka.

Nilidhani nimemaliza. Saa tisa mchana akaja mzee mmoja kuulizia salio, dada wa kaunta akataka ajaribu mfumo mpya, nikamwambia karibu. Akaandika Ng'wandu. Wakatokea kumi na kitu, mzee hayumo. "Baba, umejiunga lini?" Mzee anatoa kitabu chake cha akiba kimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, anamwonesha, kipo, namba ipo, jina lipo. Dada ananiangalia. Jina lake lina ritifaa iliyopinda, dada kaandika iliyonyooka, kwa kompyuta hao ni watu wawili tofauti kabisa. Waliosajiliwa enzi za Word wamepinda, waliosajiliwa Excel moja kwa moja wamenyooka. Nikaandika update moja na replace, zote zikawa zilizonyooka, na kwenye fomu ya kuandikisha nikaweka inyooshe kabla ya kuhifadhi. Mzee akasubiri dakika kama tano hivi, akaondoka na salio lake, hakujua alichonisaidia.

Siku ya 5, Jumatano

Kuhamishia data kwenye SSD. Hapa ujinga ni wa kwangu wote kwa hiyo naenda haraka. Nimesimamisha klasta, nimekopi /var/lib/postgresql/16/main kwenda /data/pg/16/main kwa sudo cp -r, nimebadilisha data_directory kwenye postgresql.conf, nimewasha. Imekataa: Config owner na data owner hawafanani. Ni kweli, nimekopi kama root bila kutunza umiliki, kila kitu kimekuwa cha root. Badala ya kusoma huo mstari hadi mwisho nikafanya kile anachofanya kila mtu akichoka, chmod -R 777. Haikusaidia, umiliki sio ruhusa. Nikapiga chown kwenda kwa postgres, sasa ikaja nyingine: data directory has invalid permissions, inataka 0700 au 0750 na si vinginevyo. Yaani Postgres akiona folda yake iko wazi kwa kila mtu hataki kufanya kazi humo, kama mhazini atakayekataa kuhesabu hela kwenye kibaraza.

Nikafuta nakala yote, nikarudia kwa rsync -a ambayo inatunza mwenye mali na ruhusa, ikawaka mara moja. Folda ya zamani sijaigusa, itakaa wiki mbili.

Siku ya 6, Alhamisi

Leo mtandao. Django inahamia kompyuta ya pili, 192.168.1.20, maana GB 4 hazitoshi kwa wote wawili. Databesi iko 192.168.1.10. Nilichojifunza leo ni kwamba kuna namna tatu za kukataliwa na kila moja inakuambia umefika wapi, laiti ningejua Jumapili.

Ya kwanza, Connection refused, inarudi papo hapo. Umefika kwenye mashine ila kwenye hiyo poti hakuna anayesikiliza. Postgres ikiwekwa inasikiliza localhost peke yake. Nikabadilisha listen_addresses ikawa nyota, nikapiga reload, bado refused. Nikapiga ss -ltn, bado ni 127.0.0.1:5432. Hiyo seti haibadiliki kwa reload, lazima uzime uwashe.

Ya pili, no pg_hba.conf entry for host. Hii ni habari njema japo haifanani, umeshafika kwa Postgres mwenyewe, anakuona, anakuita kwa anwani yako, ila hayupo mtu kama wewe kwenye daftari la wageni. Nikaongeza mstari:

host chama kaunta 192.168.1.20/32 scram-sha-256

Hapo reload inatosha.

Ya tatu, kimya. Unasubiri, unasubiri, mwisho timeout. Hiyo ni ufw, anazitupa pakiti bila kujibu. Hii niliipata baada ya kukumbuka kwamba Jumapili niliizima, nikairudisha kwa ufw enable bila kuruhusu kwanza ssh. Iliniuliza kabisa, hii inaweza kukatisha ssh, niendelee? Nikajibu y. Nikafungua dirisha lingine, halifunguki. Nikachomoa skrini ya mhasibu, nikachomoa na kibodi yake, nikaenda navyo mpaka kwenye seva, mhasibu amekaa mikono mitupu anacheka. Nikaruhusu OpenSSH, nikaruhusu 5432 kutoka 192.168.1.20 tu, nikamrudishia vitu vyake.

Alafu lile la mtumiaji postgres. Nimemtengeneza kaunta, nimempa databesi kwa grant all, migrate, komandi ya Django ya kujenga meza, ikasema permission denied for schema public. Wazee wa Postgres 12 wataona ajabu, mana zamani kila mtu aliruhusiwa kujenga ndani ya public, ile schema au chumba cha kawaida cha meza ndani ya databesi. Kuanzia toleo la 15 hiyo ruhusa imeondolewa, na grant all on database haigusi schema. Njia fupi: alter database chama owner to kaunta. Mwenye databesi ndo anahesabika mwenye public pia. Ikapita. Zile meza za Jumanne zilikuwa bado za postgres, nikazibadilisha moja moja, ni chache.

Siku ya 7, Ijumaa

Hakuna tatizo. Dada wa kaunta kaingiza marejesho ya siku nzima. Sijagusa kitu.

Siku ya 8, Jumamosi

Nimeamshwa na simu ya mhazini saa moja na nusu asubuhi. Umeme ulikatika usiku, UPS yetu betri yake ilishakufa kitambo inabaki kuwa kiti cha kuwekea ruta, umeme umerudi, mashine imewaka, programu haifunguki. "Mwanangu, za watu zimepotea?" Nikamwambia hapana mama, hazijapotea, huku nikiwa sijui.

Kufika, kwa mazoea mabaya nikapiga systemctl status postgresql. Kijani. Active, exited. Nikacheka peke yangu. pg_lsclusters: down. Nikafungua logi, mstari wa mwisho ni wa jana usiku, baada ya hapo hakuna, yaani hakufa wakati wa kuwaka, hakufika hata kujaribu. Nikapiga ls /data. Tupu.

Nakiri moyo ulishuka. Nikapiga lsblk. SSD yangu ipo, inaitwa sdc. Na sdb ni kitu cha GB 15. Nikainama nyuma ya mashine nikakuta flashi nyekundu imechomekwa, ya mhasibu, alikuja Ijumaa jioni kuchukua ripoti akaisahau. Kwenye fstab, faili linalosema diski ipi iunganishwe kwenye folda ipi, nilikuwa nimeandika /dev/sdb1 kwenda /data. Hayo majina ya sda, sdb, Linux inayagawa upya kila ikiwaka, kulingana na nani amejitokeza wa kwanza, sio mali ya diski. Flashi imejitokeza kwanza, ikapewa sdb, mlango wa /data haukupata mtu, na kwa kuwa nilikuwa nimeweka nofail, yaani endelea hata diski isipopatikana, mashine ikaendelea kuwaka kama kawaida.

Nikachukua UUID, namba ya diski yenyewe, kwa blkid, nikaandika UUID= badala ya /dev/sdb1. Na kingine: huduma ya Postgres kwenye Ubuntu inajua kusubiri diski ya /var/lib/postgresql iwe imeshaunganishwa kabla ya kuwaka, imeandikwa ndani yake RequiresMountsFor, ila ya kwangu iko /data na haijui. Nikapiga sudo systemctl edit postgresql@16-main nikaongeza chini ya Unit mstari wa RequiresMountsFor=/data. Siku diski isipokuwepo itagoma kwa sauti.

Kabla sijawasha nilipita mtandaoni kusoma kuhusu kukatikiwa na umeme, nikakuta mtu anashauri pg_resetwal kama panadoli. WAL ndo lile daftari la mkono ambalo Postgres anaandika kwanza kila muamala kabla ya kuuhamishia kwenye leda kubwa, ili giza likiingia katikati arudi asome daftari. pg_resetwal inachana kurasa za hilo daftari. Sikuigusa. Nikawasha tu, nikaifuata logi kwa tail -f:

database system was not properly shut down; automatic recovery in progress

redo starts at, redo done at, na namba zao, alafu

database system is ready to accept connections

Haikufika sekunde tatu. Nikamwomba dada kitabu cha risiti. Ya mwisho aliyoikata Ijumaa kabla ya kufunga, shilingi 35,000, nikaitafuta kwenye mfumo. Ipo. Mhazini kasimama nyuma yangu na mkoba begani, akauliza ndo hiyo? Nikasema ndo hiyo mama. Akakaa chini ndo akavua mkoba.

Mhasibu kaja kuchukua flashi yake saa nne.

Siku ya 10, Jumatatu

Bakapu. pg_dump -Fc kila usiku saa nane kwa cron (kipangaratiba cha Linux), inakwenda kwenye ile diski ya zamani inayolia, na nakala ya pili mhazini anaondoka nayo kila Ijumaa. Leo nimeirudisha kwenye laptopu yangu kwa pg_restore kuhakikisha sio faili tupu, idadi ya wanachama inalingana, na kina Ng'wandu wote wamo na ritifaa zimenyooka. Betri ya UPS imeagizwa, mwenyekiti kasaini.

Lililobaki ni lile la kwanza kabisa, mana bado nikiingia kwa ssh yale maneno ya perl yanatoka. Ningeweza kwenda kwenye laptopu nikaizuia isibebe LC_ na watu wengi ndo wanavyofanya. Mimi nimefanya sudo locale-gen sw_TZ kwenye seva, nikatoka, nikaingia tena. Kimya, hakuna onyo. Nikaandika date +%A nione.

Jumatatu.